Kusoma nyayo za barafu Mlima Kenya: anza alfajiri, anza na udongo

Wanafunzi ninaowapandisha kwa njia ya Naro Moru hukodolea macho kilele cha Batian. Mimi huwaomba wainame kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlima huu ulihesabiwa barafuto 18, yaani mito ya barafu inayotambaa polepole mabondeni, na nyingi hazipo tena. Kazi ziliyoifanya bado iko, kama unajua pa kutazama.

Panda polepole: lala Met Station, mita 3,050, kisha Mackinder's Camp, mita 4,200. Kichwa kikiuma na chakula kikikukinai, usipande zaidi. Hali ikizidi, shuka.

Toka hemani kabla jua halijagusa ardhi. Tafuta udongo mtupu kando ya njia, uukanyage: unalia kama vioo vilivyopondeka. Piga magoti, uinue ukoko mdogo kwa ncha ya kisu. Chini yake utakuta sindano za barafu zimesimama wima kama meno ya chanuo, kila moja imebeba chembe ya udongo au kokoto kichwani. Ni maji ya udongoni, yamevutwa juu usiku na kuganda. Usiondoke. Jua likifika, sindano zinalegea, na kokoto inaangukia upande wa mteremko. Imesogea kidogo tu, lakini kesho itasogea tena, na kesho kutwa. Ndivyo mawe ya huko juu yanavyojichambua yakawa mistari, makubwa huku, madogo kule, utadhani mtu amelima matuta. Kaskazini ya mbali, kama Alaska, udongo huganda kwa miezi na kwa kina kirefu. Sisi tulio kwenye ikweta baridi hutujia usiku ikaondoka asubuhi, kwa hiyo inayoganda ni ngozi ya juu tu. Ukiamka saa tatu umeikosa.

Sasa lichore Bonde la Teleki daftarini. Kuta zimesimama, sakafu ni pana: herufi U. Mto ukiachiwa peke yake huchimba V. U hii ni ya barafuto iliyolijaza bonde na kulikwangua chini na ubavuni.

Yale matuta marefu ya pembeni wengi hudhani ni maporomoko. Usichimbe, hii ni mbuga. Tafuta mahali njia au kijito kilipolikata tuta. Utaona mawe ya kila ukubwa yamechanganyika na udongo laini kama unga, mengi kona zake zingali kali. Maji huyachagua mawe na kuyalainisha, barafu huyabwaga yalivyo. Hiyo ndiyo moreni.

Ukipanda kuelekea barafuto ya Lewis, tafuta mwamba uliosuguliwa ukawa laini na uumwagie maji ya chupa. Weka jicho karibu na jiwe wakati jua bado liko chini. Mikwaruzo itajitokeza, mirefu na sambamba. Laza penseli juu yake: ikielekea lilikoelekea bonde, ni mawe yaliyogandamana na tumbo la barafu ndiyo yaliyokwaruza. Mikwaruzo mifupi, myeupe, inayokwenda ovyo ni ya fimbo za chuma za wapandaji. Mwaka wangu wa kwanza niliwaonyesha wanafunzi hiyo ya fimbo kwa fahari, na bado huumia nikikumbuka, kwa kuwa waliiandika.

Ukifika kibanda cha wapandaji cha Austrian Hut, piga picha ya Lewis huku jiwe kubwa lisilohama likionekana mbele. Andika tarehe, saa na mahali uliposimama, ili atakayekuja mwakani akanyage pale pale. Fanya hayo mapema, maana kufikia saa tano mawingu mara nyingi yameshapanda kutoka bondeni na huoni kitu.