Jinsi ya Kuomba Kumbukumbu za Misheni ya CMS: Mwongozo kwa Watafiti na kwa Familia

Ukivuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kufuata barabara ya Malindi, utafika Kengeleni, mahali palipopata jina kutokana na kengele ya misheni ambayo hadi leo ipo hapo kando ya barabara. Kengele hiyo ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza ambalo wengi wetu tunalijua kwa kifupi chake CMS, ili kuwapokea watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Wazao wa watu hao wangali nasi, na swali lao ni lile lile la wanafunzi wa historia: karatasi za wakati ule ziko wapi, na je, mtu wa kawaida anaruhusiwa kuziona?

Anaruhusiwa. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za CMS imehifadhiwa katika Cadbury Research Library, hifadhi ya nyaraka ya Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, na hifadhi hiyo haikuwekewa maprofesa peke yao. Mwalimu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa anayeandika historia ya parokia yake, na mjukuu anayetafuta asili ya ukoo wake, wote wanaweza kuomba. Kinacholitenganisha ombi linalozaa matunda na lile linaloambulia patupu ni kazi inayofanywa kabla ya ombi lenyewe kuandikwa, na ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu maandalizi. Nimemfikiria hasa msomaji aliyeko Afrika Mashariki, ambaye huenda ataimaliza shughuli yote bila kupanda ndege.

Kwanza: waraka unaoutafuta ulisafiri au ulibaki?

Hapa ndipo watu hupoteza miezi. CMS ilikuwa na makao yake London na vituo vyake huku kwetu, na karatasi za aina mbili zilikwenda njia mbili. Wamisionari walitakiwa kuandika barua, ripoti na shajara na kuzipeleka London, ambako kamati ilizisoma na kuzijibu. Hizo ndizo zilizoishia Birmingham. Rejesta za ubatizo, za ndoa na za maziko, kwa upande mwingine, zilikuwa vitabu vya kituo chenyewe, zikitumika kila juma, na kwa kawaida zilibaki pale pale kanisani.

Kwa hiyo anayetaka kujua tarehe aliyobatizwa bibi yake mzaa babu asianzie Uingereza. Aanzie Rabai, Frere Town, Mpwapwa au popote palipokuwa na kituo, kwa kumwandikia kasisi wa parokia barua ya heshima inayoeleza uhusiano wake na mtu anayemtafuta na miaka anayoikisia. Rejesta ya namna hii kwa kawaida huwa na safu za tarehe, jina la ubatizo, majina ya wazazi, makazi, kazi na jina la aliyebatiza, na kila ukurasa una habari za familia nyingine pia. Omba usomewe au unakiliwe mstari unaokuhusu, wala usiombe kuondoka na kitabu hata kwa siku moja. Kitabu kikipotea, ukoo wa watu mia hupotea nacho.

Nyaraka za Taifa za Kenya, zilizoko Moi Avenue mjini Nairobi, nazo zina mafaili ya CMS yaliyobaki nchini. Mtu anayefanya utafiti wa kitaaluma nchini Kenya anatakiwa kuwa na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti, na ni vyema akishughulikie mapema badala ya kungoja mpaka afike mlangoni.

Pili: kusanya majina yote, na tahajia zake zote

Ukishajua kwamba unachokitafuta ni barua au shajara, tafuta majina kama yalivyoandikwa wakati huo, maana ndivyo yatakavyokuwa katika katalogi na katika barua zenyewe. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann, aliyejiunga naye mwaka 1846, walikuwa Wajerumani waliokuwa wakiandika kwa wakubwa wao Waingereza kuhusu nchi ambayo majina yake hayakuwa na tahajia ya kudumu. Katika maandishi yao Mombasa huwa Mombas, Rabai ni Rabbai Mpia, Mijikenda wanaitwa Wanika, na Uchagga ni Jagga. Anayetafuta neno "Mijikenda" katika karatasi za mwaka 1848 hatalipata kamwe.

Majina ya watu yanahitaji subira zaidi. Waafrika wengi waliojenga Frere Town na Rabai walikuwa wametekwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakapelekwa India na kusomeshwa huko, wengine katika kituo cha Sharanpur karibu na Nashik, kabla ya kurudi pwani wakiwa watu wazima wenye majina mapya. Ndiyo sababu tunakutana na William Jones, Ishmael Semler na George David, na jina alilopewa mtoto na mama yake halionekani popote. Andika kwa hiyo jina la ubatizo, jina la nyumbani kama linajulikana, jina la mume au mke, kazi aliyokuwa akiifanya, na jina la mmisionari aliyekuwa kituoni miaka hiyo. Hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, kwa kuwa nyaraka za miaka ya mwanzo zimepangwa kwa jina la mwandishi wa barua, na mtu wako atapatikana ndani ya barua ya mtu mwingine.

Wazee wahojiwe katika hatua hii, kabla ya kompyuta kuwashwa. Jina la shamba au la mtumbwi alilolikumbuka nyanya linaweza kukuonyesha mwaka ambao hakuna katalogi ingekuonyesha.

Tatu: pata alama ya kumbukumbu

Hifadhi haiwezi kuleta "barua za Rabai". Inaleta faili lenye alama maalumu, na alama hiyo unaitafuta mwenyewe katika katalogi iliyopo kwenye intaneti bila malipo. Kwa karatasi za hadi mwaka 1880, misheni ya Afrika Mashariki ina alama C A5, na ile ya Nyanza, yaani ya eneo la Ziwa Victoria, C A6. Chini ya C A5 kila mwandishi ana namba yake: Krapf ni C A5/O16, na Rebmann ni C A5/O24. Baada ya 1880 mpangilio ulibadilika, na alama ikawa G3 A5 kwa Afrika Mashariki, kisha baadaye zikaja G3 A7 kwa Uganda na G3 A8 kwa upande wa Tanganyika.

Mpangilio huu wa pili una jambo moja ambalo likieleweka huokoa siku nyingi. Barua ilipofika London ilipewa namba kwa mwaka husika, na muhtasari wake ukaingizwa katika kitabu cha kamati. Barua zenyewe zina herufi O katika alama, na vitabu vya muhtasari vina herufi P; barua zilizotoka London kuja huku ziko chini ya L. Anayetafuta jambo fulani kati ya mamia ya barua za mwaka mmoja aanze na P, asome mihtasari haraka haraka, aandike namba za barua zinazomhusu, kisha ndipo aombe hizo tu kutoka O.

Kumbuka pia kwamba namba ilitolewa siku barua ilipopokelewa London, si siku ilipoandikwa. Chukua mfano wa Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwezi Oktoba 1885. William Jones, aliyekuwa amefanywa shemasi na askofu huyo huyo mwaka ule, ndiye aliyewarudisha wapagazi walionusurika, wakaingia Rabai Februari 1886 nyuma ya bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Anayefuatilia safari hiyo akiishia kwenye namba za 1885 ataiacha sehemu yake yenye uchungu zaidi, kwa sababu imo katika karatasi za mwaka uliofuata.

Nne: andika ombi

Mawasiliano na hifadhi hufanywa kwa Kiingereza, na Kiingereza chepesi kinatosha. Anwani ya barua pepe ipo katika tovuti ya hifadhi. Ichukue hapo hapo badala ya kutegemea ile uliyopewa na rafiki miaka iliyopita. Barua iwe fupi, iwe na swali moja au mawili, na iwe na mambo ambayo mhifadhi nyaraka anaweza kuyafanyia kazi mara moja. Huu ni mfano wa maudhui yake kwa Kiswahili:

"Natafiti historia ya familia yangu huko Rabai kati ya mwaka 1886 na 1890. Babu wa babu yangu alikuwa mwalimu wa kituo, akijulikana kwa jina la ubatizo Daudi. Nimepitia katalogi na naona kwamba karatasi za G3 A5/O za miaka hiyo zinaweza kumtaja. Naomba kujua kama vitabu vya muhtasari, G3 A5/P, vya miaka hiyo vinaweza kunakiliwa kidijitali, gharama yake ni kiasi gani, na malipo hufanywaje kutoka Kenya. Nakala ni kwa matumizi yangu binafsi."

Angalia kwamba mwandishi hakuomba atafutiwe kila kitu kuhusu Rabai. Wahifadhi hujibu maswali ya watu wengi, na hawawezi kukusomea maboksi. Lakini wakiona umeifanya sehemu yako, hukuelekeza kwa moyo, na mara nyingi hukutajia faili ambalo hukulijua. Miaka ya 1886 hadi 1890 katika mfano huu haikuchaguliwa ovyo. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watoro 1,400 waliokuwa wamekimbilia vituo vya misheni, wengi wao Rabai, walikombolewa kwa fedha zilizolipwa kwa waliokuwa mabwana zao, na mabishano yaliyotangulia siku hiyo yaliwafanya wamisionari waandike kwa wingi kuhusu watu ambao kwa kawaida wasingewataja.

Usilipe chochote kabla ya kupata makisio ya gharama kwa maandishi, na uliza kama bei inahesabiwa kwa ukurasa au kwa faili. Kabla ya hapo, ulizia katika maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe: kumbukumbu hizi zilitolewa pia kwa filamu ndogo (microfilm), na majarida ya zamani ya CMS, ambamo dondoo nyingi za barua zilichapishwa, yamekwisha kuwekwa kidijitali. Dondoo iliyochapishwa, hata hivyo, ilihaririwa kwa ajili ya wafadhili, na palipokuwa na ugomvi au kushindwa pengine palikatwa. Itumie kama kielekezi, kisha uiombe barua yenyewe.

Tano: ukienda mwenyewe

Anayesafiri aweke nafasi katika chumba cha kusomea na kuagiza mafaili wiki kadhaa mbele, akisubiri jibu la uthibitisho kabla ya kukata tiketi. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania au Uganda wanahitaji viza ya mgeni, na barua ya uthibitisho kutoka hifadhini husaidia kuonyesha sababu ya safari. Siku ya kwanza utaandikishwa kuwa msomaji, kwa hiyo chukua kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa anwani. Kalamu ya wino hairuhusiwi mezani, tumia penseli. Mikoba huachwa nje.

Faili likifunguliwa, usikate tamaa kwa ukurasa wa kwanza. Karatasi nyingi za posta ni nyembamba, na wino wa upande wa pili hupenya hadi maneno ya pande mbili yakaonekana kama yameandikwa juu ya mwenzake. Mwombe msimamizi karatasi nyeupe tupu ya kuweka chini ya ukurasa, nawe utaona mistari ikijitenga. Tumia saa ya kwanza kuuzoea mwandiko wa mtu mmoja, ukianzia na tarehe na majina ya mahali unayoyajua tayari. Herufi ulizozitambua katika "Rabbai" zitakufungulia maneno usiyoyajua. Uliza utaratibu wa kupiga picha kabla ya kutoa simu.

Sita: mafaili yaliyofungwa, na haki ya kuchapisha

Baadhi ya mafaili ya karne ya 20 hayatolewi kwa sababu yana habari binafsi za watu ambao huenda bado wako hai. Ukikataliwa kwa sababu hiyo, uliza faili litafunguliwa mwaka gani, na kama linakuhusu wewe au mzazi wako, lieleze hilo.

Nakala uliyopewa kwa matumizi binafsi haikupi ruhusa ya kuichapisha kitabuni, kuiweka mtandaoni au kuitundika katika maonyesho ya kanisa. Watu hushangaa kusikia kwamba barua ya mwaka 1844 inaweza kuwa bado na hakimiliki, lakini sheria ya Uingereza inayalinda hadi mwisho wa mwaka 2039 maandishi mengi ambayo hayakuwahi kuchapishwa, hata kama mwandishi alifariki zamani sana. Anayetaka kuchapisha aandike ombi la pili, akitaja alama kamili ya waraka, kurasa anazozitaka, jina la kitabu au maonyesho, idadi ya nakala zitakazochapwa, na kama zitauzwa au zitagawiwa bure. Hifadhi itamwambia kama mwenye hakimiliki ni CMS yenyewe au ni mwingine, na ombi hilo lipelekwe kwake kabla kitabu hakijaingia mtamboni.