Kuchambua utenzi wa mzazi na mwana: usitenganishe upendo na ukatili

Wiki iliyopita nilikaa jioni tatu na mpwa wangu wa kidato cha nne. Alipewa swali: tenzi zinasawirije mapenzi ya mzazi na ukatili wa binadamu? Tulitumia tenzi mbili ninazozipenda, Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 na Utenzi wa Fumo Liongo wa Muhammad Kijumwa wa Lamu (1913). Hatua tulizopita ni hizi.

Hatua ya 1: Soma kwa sauti

Usome wote, mwanzo hadi mwisho, kwenye karatasi. Kwenye simu beti hukatika vibaya na macho hayaoni vina. Vitabu vya miongozo viweke mbali mpaka umalize hatua ya nne. Mwanafunzi anayeanza na mwongozo huwa ameshaambiwa dhamira kabla hajasikia ubeti hata mmoja, na hapo sikio lake limeshazibwa.

Hatua ya 2: Kizoee Kiamu

Kiamu ni lahaja ya Lamu, ndiyo lugha ya tenzi hizi. Penye "t" jaribu "ch" (mato ni macho), penye "nd" jaribu "nj" (ndoo ni njoo), penye "y" jaribu "j" (yua ni jua). Pengine "l" hudondoka: mbee ni mbele. Neno likigoma, hesabu mizani, kwa sababu kila kipande cha utenzi kina nane. "Sikupata kutamka" ni si-ku-pa-ta-ku-ta-m-ka. Ukipata saba umeimeza ile "m". Kisha muulize mtu wa Lamu. Kamusi ya Kiswahili sanifu pekee haitoshi.

Hatua ya 3: Nani anasema, na anaogopa nini

Juu ya ukurasa andika: nani, kwa nani, wakati gani, anaogopa nini. Mwana Kupona binti Mshamu ni mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate. Ameugua mwaka mzima. Anamwita bintiye, Mwana Hashima, aje akae na wino na karatasi. Anaogopa kufa kabla hajasema.

Hatua ya 4: Tafuta ubeti ambamo upendo na ukatili vimekaa pamoja

Hapa ndipo nilipopotezea saa nyingi nilipokuwa mwanafunzi, na hapa ndipo mpwa wangu alipokwama jioni mbili nzima. Sote wawili tulifanya kosa lile lile. Tulichora jedwali la safu mbili, mapenzi upande huu na ukatili upande ule, tukaanza kugawa beti. Jedwali lilijaa vizuri, lakini utenzi ukafia humo.

Chukua beti ambazo Mwana Kupona anamwambia bintiye kwamba siku ya kufufuliwa shauri litakuwa la mumewe: akitaka aende peponi ataenda, akisema motoni hana budi kutiwa. Mpwa wangu aliziweka kwenye ukatili, na sikumlaumu. Binti anaambiwa kwamba hata akhera yake iko mkononi mwa mtu mwingine. Lakini rudi kwenye maandishi yako ya hatua ya tatu. Anayesema ni mama anayekaribia kufa, baba wa binti keshafariki, na binti atabaki peke yake katika ulimwengu ambao mama hana nguvu ya kuugeuza. Anampa silaha pekee anayoijua. Silaha hiyo ni nzito, nami naamini ilimwumiza binti. Upendo wa mama hauifanyi iwe nyepesi, na uzito wake haufuti upendo.

Kisha angalia mahali pengine anapomwambia amtunze huyo mume "kama kijana asioyua kunena". Kijana hapa ni mtoto mdogo, jambo ambalo msomaji wa leo hulipita bila kulitambua. Mwenye amri ya pepo na moto ndiye huyo huyo anayepaswa kutunzwa kama mtoto asiyejua kusema! Ukikuta mgongano wa namna hii usiutatue. Uandike kama ulivyo.

Tahadhari nyingine: ukatili hauko kwa adui tu. Katika Fumo Liongo, utenzi wa shujaa Liyongo anayewindwa na mfalme wa Pate, wanafunzi wote humwona mfalme huyo, anayemrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Huyo ni rahisi. Mgumu ni mtoto mwenyewe, ambaye anamwuliza baba yake kitu gani kinaweza kumwua, akaambiwa, akaja kumchoma kitovuni kwa shaba akiwa usingizini.

Bado hujafika ndani. Liyongo aliyejeruhiwa anakwenda kisimani, anapiga goti na mshale wake tayari, anakata roho hivyo hivyo. Watu wanamdhania yu hai, wanaogopa kuteka maji. Ndipo wanampeleka mama yake akamsihi. Ni mama yule yule aliyemwokoa gerezani kwa kumpikia mkate wa wishwa wenye tupa ndani, akijua walinzi watakula mkate mzuri na kumwachia ule wa makapi. Sasa anasimama kwa mbali na kumbembeleza maiti, akidhani mwanawe amekasirika. Mji unautumia upendo wake ili upate maji. Mpwa wangu alipofika hapo alifuta jedwali lote.

Hatua ya 5: Mazingira

Uliza kila kitu cha asili kinatumiwa na nani. Mkoma ni mti wa matunda, lakini katika Fumo Liongo unageuzwa mtego: watu wanapanda kwa zamu kuangua makoma, na zamu ya Liyongo ikifika wamfume akiwa juu. Yeye anayaangusha kwa mishale akiwa chini. Mti haukufanya kosa lolote.

Hatua ya 6: Andika

Aya moja kwa kila ubeti uliouchagua. Beti tatu zinatosha. Nukuu kwa Kiamu, kisha eleza kwa maneno yako. Taja na toleo ulilosomea, kwa sababu namba za beti hutofautiana kati ya toleo moja na jingine, na msahihishaji asiyeuona ubeti mahali ulipoutaja atadhani umeutunga.