Kabla hujaanza kuishabikia Somerset: mambo ya kuzingatia

Somerset ni klabu ya kriketi ya kaunti, yaani ya mkoa, kusini-magharibi mwa Uingereza. Anayeanza kufuata kriketi ya kaunti huko huomba likizo Julai, jua linapowaka, kisha hushangaa mbona timu yake haionekani kwenye mechi za siku nne. Ubingwa wa Kaunti, ligi ya mechi hizo za siku nne, huchezwa zaidi Aprili, Mei na Septemba. Katikati ya msimu huwa ni T20, mechi fupi za ova 20 kila upande (ova ni mipira sita), na Agosti ni kombe la ova 50, wakati ambapo wachezaji wengi wenye majina wako kwenye The Hundred, shindano la mipira 100 kila upande. Ukienda Agosti utawaona vijana. Mimi napenda, maana hakuna msongamano, lakini ujue unachokwenda kukiona.

La pili ni nguo. Taunton, uliko uwanja wa Somerset, mwezi Aprili si mahali pa fulana. Beba koti zito, soksi nene, kitu cha kukalia na chupa ya chai ya moto. Mvua ikinyesha turubai huburutwa hadi katikati ya uwanja, na hata isiponyesha, waamuzi wanaweza kusimamisha mchezo kwa sababu mwanga hautoshi. Kwa hiyo kabla hujalipa, soma masharti ya kurudishiwa pesa: mara nyingi hutegemea ni ova ngapi zimechezwa siku hiyo.

Tiketi ya siku ya nne usiikimbilie. Septemba 2018 Somerset walicheza na Lancashire hapohapo Taunton, wiketi 22 zikaanguka (yaani wapigaji 22 wakatolewa) siku ya kwanza, na siku ya pili mechi ikaisha. Somerset walihitaji mikimbio (alama) 78 washinde. Wakatolewa wote kwa 77, mikimbio ikalingana, wakatoka sare. Aliyelipia siku ya nne alikuwa na kazi ya kufuatilia pesa zake.

Uanachama piga hesabu mwenyewe. Mechi za ubingwa ni 14, saba nyumbani, yaani siku zisizozidi 28. Kama kazi yako haikuruhusu kukaa uwanjani siku ya Jumatatu, nunua tiketi moja moja.

Aliye Nairobi au Zanzibar ana nafuu: mchezo ukianza saa tano asubuhi kule, huku ni saa saba mchana, na kaunti nyingi hurusha mechi zao YouTube. Septemba huanza nusu saa mapema, kwa sababu giza huwahi.

Halafu kuna moyo. Klabu hii ilianzishwa 1875 na haijawahi kutwaa Ubingwa wa Kaunti. Mwaka 2010 ililingana pointi na Nottinghamshire, ikapitwa kwa idadi ya ushindi. Mwaka 2019 mechi ya mwisho dhidi ya Essex ililiwa na mvua, ikaisha bila mshindi, na Essex wakabeba kombe Taunton. T20 wameichukua 2005, 2023 na 2025, lakini mashabiki wa zamani watakwambia si hilo wanalolisubiri. Ukitaka vikombe vya haraka nenda Surrey, mabingwa wa 2022, 2023 na 2024. Uwanja wao uko London penyewe, na treni ya chini ya ardhi inakushusha karibu na geti.