Umeandikiwa "tu me manques"? Soma hapa kabla hujajibu

Haya, mtu wako yuko Lubumbashi au Bujumbura, saa sita usiku kakurushia "tu me manques" na we Kifaransa huna hata cha kuombea maji. Usikimbilie kukipitisha kwenye Kiingereza kwanza. Utapata "I miss you", sawa, maana umeipata, ila ukitaka kujibu ndo utaharibu.

Kata neno moja moja. Tu ni wewe, me ni mimi (mimi ninayetendewa), manques ni kukosekana, kupungua. Sasa iweke kwenye kitenzi cha Kiswahili: u-na-ni-pungukia. Umeona? Mpangilio ni uleule wetu, wewe ndo unayepungua na yeye ndo anayepungukiwa. Kiingereza kinageuza watu, "mimi" inakaa mbele, ndo maana wengi wanaandika "je te manque" wakidhani wamesema nimekumiss kumbe wamemwambia mwenzao "wewe umenimiss", yaani majivuno tu.

Hata je t'aime ni hivyohivyo: je ni "ni", t' ni "ku" (ni te iliyokatwa mkia kwa sababu aime inaanza na irabu), aime ni "penda". Ni-na-ku-penda. S ya mwisho kwenye manques haitamkwi, usihangaike nayo, ila kwenye kuandika iweke.

Ukishajua nani anamfanya nini nani, angalia kilichoongezwa mwisho, hapa ndo watu wanaumia. Mtu akisema je t'aime bien usianze kuchagua kitenge cha send-off. Hiyo bien (vizuri) haiongezi mapenzi, inapunguza, anasema tu we mtu poa, na beaucoup (sana) nayo mara nyingi ni hivyohivyo. Je t'aime kavu, bila kitu nyuma, ndo yenyewe. Je t'adore (nakuabudu) inaonekana nzito lakini marafiki wanaambiana kila siku. Bisous (mabusu) na je t'embrasse (nakubusu) hata shangazi anamalizia nazo meseji. Akikuita mon chou, ndiyo chou ni kabichi, usinune, ni kudekezwa huko.

Vifupisho: jtm ni je t'aime. Mdr ni kicheko, kwa hiyo ukiona "jtm mdr" usijenge nyumba hapo.

Angalizo moja kubwa. Un baiser ni busu, jina safi kabisa, ila usilifanye kitenzi, kitenzi baiser siku hizi ni tusi la chumbani. Kubusu ni embrasser.

Kujibu sasa. Kama na we umemmiss andika "toi aussi, tu me manques", yaani na wewe unanipungukia. Kama humuwazi kihivyo, tuma bisous ukalale.