Kuseti mkono wa pleya ya santuri kwa masikio

Baba mdogo aliniachia santuri zake za rumba ya Kongo na moja nikaiharibu mwenyewe. Nilidhani nikiweka sindano nyepesi kabisa ndio naitunza, kumbe nyepesi ndio mbaya, haikai chini ya mfereji, inarukaruka na kugonga kuta zake, na ukuta ukishachimbika haurudi. Wimbo wa mwisho wa upande ule unakwaruza mpaka leo.

Kwanza pleya ikae sawa. Sakafu nyingi hapa Kisenyi zimeinama, azima pimamaji kwa fundi ujenzi, iweke pale santuri inapolala alafu kunja karatasi uingize chini ya mguu ulioshuka. Sindano isafishe kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele tu, hili vumbi letu jekundu likijishika pale utaseti usiku kucha na sauti itabaki chafu.

Sasa uzito. Antisketi, ile inayovuta mkono kuelekea nje, iwe sifuri, toa kifuniko cha sindano, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, haupandi haushuki. Hapo geuza ile pete ya namba peke yake isome sifuri, ndio uzungushe vyote pamoja mpaka namba ya watengenezaji. Kwa sindano ya Audio-Technica VM95E wanasema gramu 1.8 mpaka 2.2, ya Ortofon 2M Red ni 1.6 mpaka 2.0. Anzia katikati.

Kutoka hapa ni masikio. Chukua santuri unayoijua vizuri sana, nzima isiyo na mikwaruzo, na usisikilize wimbo wa kwanza, sikiliza wa mwisho karibu na lebo, maana santuri inazunguka mwendo uleule lakini mzunguko wa nje ni mrefu zaidi ya mara mbili kuliko wa ndani kabisa, kwa hio huku ndani sauti imebanwa na sindano inapata shida. Sikiliza herufi s. Mwimbaji akisema "sasa" isikike sasa, ikitoka "shasha" ongeza gramu 0.1 tu, rudisha mkono, sikiliza mstari uleule tena. Usipite namba ya juu ya watengenezaji.

Ukifika juu na bado ni shasha, uliza inatoka spika gani, na hii fanya usiku boda zikishatulia. Santuri ikizunguka mkono unavutwa kwenda katikati, ukuta wa ndani wa mfereji ndio spika ya kushoto, huo unabanwa sana, ule wa nje ambao ni kulia unaachwa. Kwa hio kulia ikikwaruza kwanza ongeza antisketi, kushoto ikianza punguza. Lakini kabla hujagusa kitu badilishana waya za spika, ukikuta mkwaruzo umebaki kwenye spika ileile basi ubovu ni wa spika, mkono hauna kosa. Mimi hapa nilipoteza wiki nzima.

Walio Kabale, ile baridi ya asubuhi inakaza raba inayoshika sindano, pigeni santuri moja nzima kwanza ndio muanze kuseti.

Kimo cha mkono ndio cha mwisho, kama pleya yako inaruhusu (nyingi za bei ya chini haziruhusu, usijali sana). Anza mkono ukiwa umelala sambamba na santuri. Nyuma ikiwa juu mno besi inakonda na matoazi yanachoma masikio, ikiwa chini mno gitaa la besi linavimba na mwimbaji anakuwa kama anaimba ndani ya mtungi. Sogeza milimita moja, sikiliza wimbo mzima, usiguse kingine chochote wakati huo. Na ukishapata kimo chako rudi upime uzito upya, maana kimo kikibadilika na wenyewe unasogea kidogo.