Umeona Cloud Atlas kwa filamu, sasa unataka kitabu? Anza hivi

Mi niliona filamu kwanza, ile ya 2012 ya kina Wachowski na Tom Tykwer, halafu nikapata kitabu cha David Mitchell kwa wale wa inama, wauzaji wa vitabu vya mtumba kando ya barabara, pale tao, na nikakiacha mara mbili kabla nishike maarifa. Filamu inakurusha kwa hadithi zote sita kila dakika chache na sura ya Tom Hanks ama Halle Berry ndio inakushikanishia mambo, sasa kwa kitabu sura hakuna, hadithi inanoga tu inakatwa inaanza ingine.

Hatua ya 1. Tafuta vikaratasi vitano, hata risiti za supa. Si sita, juu ni hadithi tano zinakatwa, ya Zachry iko katikati ya kitabu unaisoma yote, halafu unarudi kinyumenyume mpaka ya kwanza. Kila inapokatika chomeka karatasi, andika jina la mhusika na shida umemwacha nayo. Shajara ya Ewing, ndio hadithi ya kwanza, inakatika katikati ya sentensi, si kurasa zimeng'oka. Mi nusura nirudi kugombana na muuzaji.

Hatua ya 2. Sahau waigizaji, fuata kile kitu kinapitishwa kutoka hadithi moja hadi ingine. Frobisher, wa hadithi ya pili, anasoma shajara ya Ewing, Luisa Rey anasoma barua za Frobisher, Cavendish anatumiwa mswada wa hadithi ya Luisa, Sonmi anatazama filamu ya Cavendish, na watu wa Zachry wanamwomba Sonmi kama mungu. Filamu pia imemhamisha Frobisher hadi Edinburgh, 1936. Kitabuni yuko Ubelgiji, 1931, mwaka uleule McMillan Library ya hapa Nairobi, Banda Street, ilifunguliwa, mi hivyo ndio naukumbuka.

Hatua ya 3. Zachry msome kwa sauti. Kiingereza chake ni kama sheng ya mtaa hujawahi kuishi, macho hayaelewi lakini ukitamka masikio yanashika. Nilifanya hivyo kwa mathree, jam ya Thika Road, makanga akaniangalia sana.

Hatua ya 4. Ukianza kurudi, chomoa karatasi moja, soma ulichoandika, ndio uendelee. Usiruke ukamalize Ewing mapema. Frobisher mwenyewe analia kwamba shajara aliyopata ni nusu, na nusu ya pili ataipata humohumo kwa nyumba, imewekwa chini ya mguu wa kitanda.