Namna ya Kuomba Msaada wa Gharama za Kupasha Nyumba Joto Marekani

Familia yenye kipato kidogo inayoishi Marekani, iwe imepanga au inamiliki nyumba, inaweza kuomba msaada wa LIHEAP, mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1981, ambao fedha zake husimamiwa na majimbo na kwa kawaida hulipwa moja kwa moja kwa kampuni ya umeme, gesi au mafuta. Fedha hizo si mkopo. Kila jimbo lina kiwango chake cha kipato na tarehe zake, na kwa kuwa fungu huweza kwisha kabla msimu wa baridi haujaisha, ni busara kuomba mapema.

Piga simu namba 211 uulize ofisi inayopokea maombi katika eneo lako, na uombe mkalimani wa Kiswahili ukimhitaji. Andaa vitambulisho, uthibitisho wa mapato ya wanakaya, bili ya karibuni na mkataba wa pango. Mpangaji ambaye gharama ya joto imo ndani ya kodi asijiondoe, kwani baadhi ya majimbo humkubali pia.

Ukikatiwa huduma, au tangi la mafuta likikaribia kukauka, taja wazi kwamba ni dharura: sheria inataka msaada utolewe ndani ya saa 48 tangu kuomba, au saa 18 endapo maisha yako hatarini. Wakati huohuo iombe kampuni ikuruhusu kulipa kwa awamu. Minnesota, kwa mfano, huwakinga wateja wasikatiwe joto kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, lakini kinga hiyo humfaa aliyeafikiana na kampuni kuhusu malipo na akayatimiza.